Sare ya Mkia

Kwenye chama cha sataranji kinyozi mmoja walimwita Mkia, kwa kuwa kila mashindano yalipokwisha yeye ndiye aliyeushika. Hakununa. Mgeni akija, alijitambulisha mwenyewe: "Mimi ndiye Mkia. Karibu ujipatie ushindi." Hata dukani aliwanyoa watu huku akiwaza farasi na malkia, na si kichwa kimoja wala viwili vilivyotoka na ngazi.

Ila safari hii utani ulikuwa umemwingia. Viongozi walitangaza kwamba atakayemaliza bila hata nusu alama ataondolewa kwenye timu, na Mkia alikuwa ameshapoteza michezo yote. Ulibaki mmoja tu, na mpinzani alikuwa nani? Daktari wa meno, bingwa wao, mwenye kiwango cha zaidi ya elfu mbili, wakati cha Mkia hakijafika hata elfu moja.

"Jikaze, baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi ile. "Wakikufukuza, Jumamosi zote utakuwa hapa unanikosoa mapishi."

Mkia alicheza kwa woga mtupu. Alimzungushia mfalme wake askari, akaikodolea macho kona ya mfalme kana kwamba ubao mzima hauna kingine. Daktari akasogeza malkia, akatulia kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Kaka, tukubaliane sare?"

Mkia aliudaka mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, Daktari! Asante sana!" Nusu alama! Amebaki kwenye timu!

"Ungeutazama ubao kwanza," Daktari akasema, sasa akicheka. "Malkia wangu nimemweka mdomoni mwa farasi wako. Nilipomwachia tu nikaona, nikasema wacha nijaribu bahati."

Watu wakaja mbio. Ni kweli, farasi angemla malkia bure na bingwa angekuwa amekwisha. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mkia naye alicheka, ingawa moyo ulimuuma: amekuwa mbabe wa bingwa kwa dakika nzima na hakuna aliyemwarifu.

"Hebu rudisheni kete tuone vizuri," mmoja akasema. Wakazipanga upya, wakabishana, wakamuuliza Mkia alifikaje pale. Miaka yote hiyo akifungwa, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kuhusu mchezo wake. Akavuta kiti, akaanza kuwaeleza mpango wake wote tangu mwanzo, akidanganya kidogo tu.