Kaburi Kando ya Mrehani

Dada yangu aliolewa Shelisheli. Kila akipiga simu hulalamika kwamba Wahindu wa kisiwa kile ni wachache mno. Namsikiliza huku nikipima kitenge cha mteja, halafu namwuliza: hekalu mnalo? Wanalo. Kuhani? Yupo. Sikukuu mnatembea barabarani na ngoma? Wanatembea. Basi wewe, namwambia, usinililie mimi. Kisiwa ni hiki cha kwangu Bariadi, kimezungukwa na pamba, na Mhindu aliyebaki mtaani ni mimi.

Zamani tulikuwa nyumba kadhaa. Wengine walihamia Mwanza, wengine Dar, wengine ng'ambo, hadi tukabaki mama na mimi na duka la vitambaa. Mama hakuona shida. Kila asubuhi alioga, akatoka uani na kikombe cha shaba, akaumwagia maji mrehani wake, mmea mtakatifu kwetu, na kuuzunguka akinong'ona sala. Kisha alifungua duka na kuwasalimia wateja kwa Kisukuma safi kuliko changu. Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu, mama mkulima wa pamba aliyezaliwa Nkoma, Mkatoliki asiyekosa misa. Walikaa barazani wakichagua mchele na kuusengenya mtaa mzima.

Mama alipougua aliniomba jambo moja tu. "Usiniache ardhini. Nipeleke Mwanza nikachomwe, unisindikize mpaka ziwani." Nikaahidi. Kwetu mwili hupewa moto, na majivu hupewa maji.

Alifariki asubuhi. Nilimwacha na jirani, nikaenda kutafuta gari la kutupeleka Mwanza, ambako Wahindu wana mahali pa kuchomea maiti. Niliporudi mchana uani kulijaa watu. Wanaume wa mtaa walikuwa wamekuja na majembe na sururu kama ilivyo desturi: mfiwa hasumbuliwi kwa maswali, watu huchimba tu. Nao walikuwa wameshachimba. Lilikuwa kaburi zuri, kuta zake zimenyooka, kando kabisa ya mrehani.

Nilikasirika. Nani amewatuma? Mmoja wao akanieleza kwa upole kwamba hakukuwa na haja ya kutumwa. Miaka yote walimwona mama akiimwagia maji mizimu yake pale kila asubuhi. Alazwe wapi tena kama si karibu na wazee wake?

Nikasema hapana, mama hazikwi, anachomwa. Jirani, rafiki wa mama, akatoka ndani, akanitazama usoni.

"Umchome mama yako? Amekukosea nini?"

Kilio cha wengi harusi, husemwa. Siku ile wengi walikuwepo, wote wakinitakia mema, nami sijawahi kuwa mpweke vile. Nilitamani awepo mtu mmoja tu wa kusema ndiyo, ndivyo tunavyofanya. Mwishowe nikamwambia jirani ukweli mtupu: ameniomba mwenyewe. Akafikiri kidogo. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akapanda nyuma ya gari, akakaa kando ya mwili.

Wahindu waliotupokea Mwanza hawakupenda kumwona, maana kwa kawaida wanawake wetu hawafiki kwenye moto. Nikasema huyu anabaki. Alisimama na rozari yake mpaka mwisho. Hakulia wala hakuuliza. Kesho yake tukayamwaga majivu ziwani, mimi na yeye.

Tuliporudi, kaburi lilikuwa bado wazi. Nilidhani watalijaza udongo basi. Wakaniambia kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita maiti mwingine. Wakakata mgomba, wakaomba nguo ya marehemu. Niliwapa sari yake ya kijani, ile aliyopenda kuvaa dukani. Wakauvika mgomba, wakauzika kwa nyimbo na sala, nami nikatupia udongo kama wengine. Mpaka leo jirani akipita huumwagia mrehani maji na kusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kama walivyosalimiana mchana na mama. Mle hamna mtu, najua. Lakini siku hizi hata mimi humsalimia.

Jioni nawasha taa ya sala peke yangu. Kuna sala moja nimeisahau katikati. Nilimpigia dada anikumbushe, akaisoma mbio mbio huku akiwasonya watoto wake, nikaona haya kumwomba arudie. Yeye anataka niuze duka nihamie kwake. Namwambia nitafikiri, na sifikiri. Nikiondoka, nani atabaki anayejua kwamba pale chini ni mgomba?

Msimu huu wa kuvuna pamba, jirani alikuja kupumzika barazani, mahali pake pale pale. Nikamwuliza, kama utani, mimi nikifa nani atanipeleka Mwanza. Haukuwa utani. Ni jambo ninaloliwaza kila ninapofunga duka.

"Nitakupeleka mimi, mwanangu," akasema. "Si nimeshaona inavyofanywa?"

Nilimshukuru, nikamletea chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, maana mmoja peke yake siku hizi unatetemeka. Ni mkubwa kuliko mama.