Hadithi za Kangemi Kwenye Meza ya Ba

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo kazi yangu ilikuwa kupiga picha miswada mikongwe ya Kihindi, na mtu akiniuliza nafanya nini mjini nilimjibu kifua mbele. Kampuni yetu ndogo ya uchapishaji, katikati ya jiji, ilikuwa ya familia moja ya Kihindi. Babu yao aliacha miswada ya Kisanskriti, karatasi kavu kama chapati ya juzi. Nilikwenda kwao Kitisuru kuipiga picha ukurasa kwa ukurasa, isije ikapotea.

Nami nilikuwa na hadithi zangu, za wanawake wa Kangemi, mtaani kwetu. Nilimpa bosi, mjukuu wa yule babu. Akanirudishia.

"Dada, hii ni lugha ya sokoni. Nani atasoma?"

Weee! Nilikasirika! Kwani sokoni watu hubweka? Nikawa natembea nazo kila mahali, nikingoja siku nitakayomwomba tena.

Kila mwaka, baada ya Diwali, familia hiyo huifungua miswada, huipangusa vumbi, huifunga kwa vitambaa vyekundu vipya, kisha huipanga mezani na kuiinamia. Mwaka huo nilikuwepo nikisaidia, na kulikuwa na manyunyu, nikazifunga hadithi zangu kwa kitambaa kilichosalia zisilowe. Kumbe nyanyake bosi, ambaye sote tulimwita Ba, alizikusanya pamoja na ile miswada. Nilipogeuka, alikuwa ameshazinyunyizia unga wa msandali na kuziinamia.

Bosi akacheka. "Ba, hiyo si ya babu. Ni ya huyu dada."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, lakini..."

"Basi." Akanigeukia. "Soma, mtoto."

Nikafungua kitambaa. Nikasoma ile ya majirani wawili wanaogombania foleni ya maji, mpaka mmoja anamwagiwa ndoo nzima. Ba alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya sari. Kisha akaigusa miswada ya mumewe, akamwambia bosi kwa Kiswahili, nami nisikie:

"Hizi naheshimu tangu niolewe. Hapana jua inasema nini. Hii nimesikia. Sasa utarudisha wapi?"

Kwao, kilichokwisha kuinamiwa hakitupwi. Mimi, mtoto wa Kangemi, nilisimama pale nimejaa fahari. Bosi akapiga magoti, akagusa karatasi zangu kwa paji la uso, kisha akaniuliza jalada nataka rangi gani.