Mkono Uliomdaka Araba

Kwa miaka arobaini Mama Bentsiwa aliuza kenkey, yale matonge ya mahindi, sokoni Saltpond, pwani ya Ghana, na hakuna aliyewahi kuhudumiwa naye kwa mkono wa kushoto. Ukijisahau ukamnyooshea wako, alikuumbua mbele za watu: "Huo kasalimie nao mbuzi!"

Aliyeumbuliwa kuliko wote ni Tawia, fundi viatu, ambaye ni mtu wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa.

Jumamosi moja Tawia alikuja na bintiye Araba, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba alipoinama kuchagua samaki kwenye meza ya jirani, mtoto akachomoka akipepesuka kuelekea sufuria la kenkey linalotokota. Tawia aliishia kupiga ukelele tu. Mama Bentsiwa alikuwa ameshamdaka Araba kwa gauni, hatua moja kabla ya moto.

Tawia akampokea mwanawe. Halafu akakodoa macho. "Mama! Umemdaka kwa kushoto!"

Wauza samaki wakageuka wote. Mama Bentsiwa akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Bibi yangu aliupaka pilipili kila asubuhi, tangu sijaota meno ya pili," alisema taratibu. "Nilidhani mkono huu ulishakufa."

Akachukua kenkey ya moto, akamnyooshea Tawia kwa mkono uleule. Tawia, kwa woga wa miaka yote, akaleta wa kulia.

"Siyo huo, mpumbavu wee," Mama akafoka, machozi yakimlengalenga. "Lete wako."