Kikombe Kwenye Reli ya Jirani

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya Idi. Niliambiwa kazi ni ya bandarini, na bandari niliyoijua mimi ni ya Kigoma, ambako hata karani wa tiketi hupiga pasi. Msimamizi wa Gati, mwanamume wa makamo mwenye ndevu nyekundu, alinitazama miguuni, akaingia stoo, akarudi na mabuti ya mpira yaliyonizidi saizi mbili. "Ziwa halitazami umependeza," akaniambia. Nikayavaa, nikaanza kufagia kinyesi cha mabata bukini, ambao huku Toronto wanajiona ndio wenye mji.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Vijana wa mtaani kwetu Malvern ninaokutana nao msikitini wakisikia nilifanya kazi bandarini hudhani nilipakua makontena. Hapana. Ilikuwa bandari ndogo ya mashua za watu, chini ya magenge, yale maporomoko marefu ya ukingo wa ziwa huku Scarborough, mashariki mwa Toronto, na mimi nilikuwa mtu wa gati: nafunga kamba, nauza mafuta, nasikiliza umbea.

Msimamizi alinianzisha kwenye pampu ya mafuta, na hapo nikajifunza kamba. Mashua haifungwi ikakazwa. Unaiachia kidogo ipande na kushuka na mawimbi, la sivyo upepo ukija inang'oa vyuma vya gati. Mimi nilikaza kila kitu, maana mimi ni mama, na ndivyo nilivyolea watoto, naye akawa anapita nyuma yangu akilegeza. Majani yalipoanza kudondoka akanihamishia kwenye kreni. Mashua nyingi hutolewa majini kabla ya baridi: mikanda miwili mipana inapitishwa chini ya tumbo, kreni inainua, zinakwenda kukalishwa juu ya magogo. Mwenye mashua husimama pembeni kimya kama mume nje ya wodi ya wazazi.

Baadaye Meneja wa Bandari, mama mmoja wa maneno machache, akanipa doria ya baridi. Nilidhani naadhibiwa. Ikawa kazi niliyoipenda kuliko zote.

Maana wako watu walioishi ndani ya mashua zao mwaka mzima. Theluji ikikaribia walizifunika kwa plastiki nyeupe, na ndani mkawa na joto la kuanikia nguo. Chini ya maji ilikaa mashine ya mapovu, inayotibua maji yasigande, kwa sababu barafu ikibana mashua huipasua ubavu. Kila asubuhi nilizunguka gati zote nikisikiliza mashine na kugonga barafu kwenye kamba. Wakazi walikuwa na desturi yao niliyoikuta: mtu akiamka salama anatundika kikombe kwenye reli ya mashua yake. Ukikiona, pita. Usipokiona, gonga.

Gati ya mwisho alikaa Mzee Idris. Niliposikia jina nikamtolea Asalaam aleikum, naye akaitikia kwa heshima kubwa, akidhani ndivyo Waafrika wote tunavyoamkiana. Ramadhani ikaja nikampelekea futari: tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Akala vyote. Idi ilipofika ndipo nikamuuliza anaswali wapi. Akasema yeye ni mtu wa Wales, mtoto wa kijiji cha bandari, na kwao Idris ni jina la kawaida la waimbaji wa kanisani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye aliomba tu futari isikome.

Doria ikiisha tulitembea ufukweni, chini ya magenge, mpaka kwenye mawe ya kuzuia mawimbi, tukarudi. Kwao, alisema, watu wa bandari hutembea kandokando ya bahari kila Jumapili baada ya kula, mvua inyeshe isinyeshe, na huko njiani ndiko ugomvi unakomalizwa. Magenge ya kwao ni mawe matupu. Haya yetu ni udongo na mchanga, kila mwaka kipande kinaporomoka, kwa hiyo tulishika ukingo wa maji. Nilimsimulia wajukuu wangu, wanaoelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza. Akasema nishukuru, wa kwake lugha ya kwao hata hawaielewi. Mashua ile aliinunua na marehemu mkewe, na hakuwa na nyumba nyingine.

Kila mwaka kabla ya maji kuganda, Meneja aliamua nani abaki. Sharti lilikuwa moja, uweze kutembea gatini peke yako. Miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza, binti yake Mzee Idris, anayekaa Calgary, mbali magharibi, akampigia Meneja simu kwamba amempatia baba chumba kwenye makazi ya wazee mtaa wa Agincourt. Mzee akakataa katakata. Meneja akaniita ofisini.

"Wewe ndiye unayemwona kila siku," akasema. "Ukiniambia anaweza, anabaki."

Nilitoka nimejaa fahari. Jibu nilikuwa nalo tayari. Kesho yake reli ya Mzee Idris ilikuwa tupu. Nikagonga. Akafungua, amenyoa, amevaa koti, akasema kikombe kipo. Nikageuka. Kilining'inia kwenye mashua ya jirani, ambaye alikwishakwenda Florida kukimbia baridi. Kati ya mashua mbili zile palikuwa na ubao mwembamba tu, na huku na huku maji meusi yakitokota mapovu. Nikasogea kando, nikamtabasamia bila kusema neno. Hakutabasamu. Aliendelea kutazama pale niliposimama kwanza.

Ndipo nilipoelewa kwamba katika matembezi yetu alikuwa akifuata sauti yangu. Mdomo wangu huu usiochoka ulikuwa fimbo yake, nami sikujua.

Nilimwambia yeye kabla ya Meneja. "Mzee, huoni."

"Naijua gati hii ubao kwa ubao."

"Unaijua. Lakini leo umekosea upande."

Akaniambia taratibu kwamba nikisema, atanihesabu pamoja na waliomtoa nyumbani kwake. Nilikwenda nikasema. Nililia njia nzima mpaka skafu ikaganda.

Msema kweli mpenzi wa Mungu. Kama jirani naye atampenda, wahenga hawakutuambia. Mzee Idris aliondoka bila kuniaga, na mashua ikauzwa. Niliendelea na doria miaka kadhaa, na gati ya mwisho niliipita haraka.

Vijana huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Kamba nimesahau nusu. Nililobaki nalo ni kwamba mtu wa doria hatazami mashua, anawajua watu walivyo wakiwa wazima, ili mmoja akibadilika aone. Na akiona, aseme. Hapo ndipo pagumu.

Nilistaafu mwanzo wa kiangazi. Wiki ileile yule binti akanipigia kutoka Calgary. Baba yake anauliza, yule mwanamke mwenye maneno mengi sasa ana nafasi?

Nikapanda basi mpaka Agincourt, nikamchukua, tukashuka ziwani. Hatukuzungumza habari za zamani. Tulipofika gati ya mwisho, ambako mashua yake ya zamani ilikuwa bado imefungwa, akasimama, akanusa hewa.

"Naisikia rangi mpya," akasema. "Wameipaka rangi gani?"

Nikatafuta uongo mzuri. Bluu ilikuwa karibu kabisa na ulimi.

"Pinki," nikasema. "Mpaka mlingoti."

Mzee Idris alicheka hadi akaishika reli kwa mikono miwili. Alipotulia akaniambia, "Vizuri. Basi ukiniambia njia ni nzima, nitajua ni nzima." Akanishika kiwiko, tukaendelea.