Nafasi Kando ya Kaburi la Baba

Mchana, jua linapokaza na wateja wanapopungua, huwa nasinzia dukani kwangu Arua, Uganda, nikiwa nimeegemea majora ya vitenge, na mara nyingi najikuta tena kule juu. Siyo ndoto hasa, maana bodaboda za nje nazisikia, na jirani yangu namsikia akibishana na mtu juu ya shuka. Lakini miguu yangu iko Zagros, kwenye milima ya Uajemi, inakanyaga mawe yaliyolowa theluji, na mbele yangu anatembea nyumbu mwenye kengele shingoni. Nikizinduka nahitaji muda kidogo. Mtu akiniuliza bei wakati huo namjibu ovyo, na wateja wangu wa zamani wananijua, wanasubiri.

Watu wakisikia nimefika Uajemi wanadhani nilikwenda kufanya biashara ya mazulia. Laiti. Nilikwenda kumfuata mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshakufa na kuzikwa.

Alikuwa kitinda mimba wetu, mtoto wa Dranya kule Koboko, aliyezaliwa baba akiwa ameshastaafu jeshi. Alikwenda Uajemi kusomea udaktari wa mifugo, na alipomaliza akabaki milimani akitibu kondoo na mbuzi. Nilimuuliza kwenye simu, kwani Koboko hakuna mbuzi? Akacheka tu. Kisha mwaka mmoja, baridi ya huko ilipokuwa ikiachia na mvua zikinyesha, upande wa mlima ukamomonyoka juu yake akiwa bondeni na kundi la kondoo wa watu. Wakamzika siku hiyohiyo, kama dini inavyotaka. Simu iliponifikia nilikuwa nampimia mteja kitambaa, naye tayari alikuwa chini ya udongo nisioujua.

Imamu wetu alikuja kumwambia mama kwamba ardhi yote ni ya Mungu, na Mwislamu hulala pale alipoanguka. Alisema kweli. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na imamu alipoondoka akasema hapana.

Inabidi nieleze. Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Kaburi linachimbwa uani, karibu na jiko, linasakafiwa kwa saruji, na maisha yanaendelea juu yake. Muhogo tunaanika juu ya kaburi la baba kwa sababu pale jua linapiga vizuri. Mama anakaa hapohapo akichambua mboga, na mtu akimuudhi anamshitaki kwa baba papo kwa papo. Imamu hapendi tukalie kaburi, amesema mpaka amechoka. Lakini kwetu aibu kubwa ni kumwacha mtu wako peke yake, akae kama mgeni ambaye hakuna aliyetoka kumsalimia.

Kando ya baba palikuwa na nafasi. Mama aliitenga tangu siku ya ile simu, na hakuna aliyethubutu kupanda hata mche wa kunde pale. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua, miguu inavimba, na daktari wa Arua alituambia waziwazi tusitegemee miaka mingi. Mama hakuogopa kufa hata kidogo. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba atakufa kabla mtoto hajarudi.

"Mimi nakufa, hii si kitu," aliniambia kwa Kiswahili chake, kile alichojifunzia kambini alipokuwa mke wa askari. "Lakini mtoto yangu iko kule, hapana mutu ya kukaa na yeye. Wewe kwenda, leta yeye. Kama hapana weza, leta hata udongo."

"Nimlete kwa kitu gani, mama, kwa kikapu?" nikamtania. Hakucheka. Basi ukoo ukajikusanya kuchanga nauli, na mwaka uliofuata nikaenda.

Aliyenipokea kule alikuwa daktari wa mifugo mwenzake mdogo wangu, binti mrefu mwenye mikono iliyochubuka, anayezungumza Kiingereza taratibu kama mtu anayevuka mto. Kijiji ambako mdogo wangu alizikwa kilikuwa cha bibi yake huyo binti, mama wa mama yake. Tuliondoka mjini kwa gari, lami ikaisha, gari nalo likaishia hapo, tukaanza kupanda kwa miguu na mizigo yetu juu ya nyumbu.

Sijui niielezeje ile njia. Mimi nimekulia mahali ambapo mlima Liru unauona wote kwa pamoja, mwanzo na mwisho wake, ukiwa umesimama shambani. Kule hakuna mwisho. Unapanda mlima, na ukifika juu unaukuta mwingine ulikuwa umejificha nyuma, mweupe. Milozi ilikuwa imechanua bila jani hata moja, maua matupu kwenye matawi makavu, na ukungu ulikuwa ukipita kati yake polepole. Hewa ilikuwa nyembamba, kichwa kikawa chepesi, nikawa naona mambo kwa mbali hata yale yaliyokuwa karibu. Kengele ya nyumbu ilinifanya nisinzie huku natembea. Mara mbili tatu nilifungua mdomo kumwambia mdogo wangu kitu, kabla sijakumbuka kwa nini niko pale.

Tulipumzika kwenye nyumba ya udongo, wakatupa chai na mkate mwembamba unaoweza kuukunja kama leso. Sukari wanaibana menoni, chai inapita juu yake. Nilijaribu, nikapaliwa, wanawake wa pale wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za mitandio, nami nikacheka nao. Walisali Kishia, mikono ikiwa imening'inia, mimi nikasali ya kwangu nimeifunga, hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Juu zaidi tulipita makaburi ya zamani sana, na juu ya makaburi hayo walisimama simba wa mawe. Binti aliniambia kwamba ni desturi ya mababu zao, mwanamume shujaa akifa anachongewa simba. Mvua na theluji vilikuwa vimewala nyuso, wamebaki na midomo mikubwa na macho yasiyo na kitu, ubavuni wamechorwa panga. Ukungu ulipowafunika nusu, wallahi, niliona wanahema. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amempanda simba mmoja kama farasi, akitafuna zabibu kavu, na hakuna aliyemkemea. Nilimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Moyo wangu ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani.

Tulifika kijijini siku ya Alhamisi, Alhamisi ya mwisho kabla ya mwaka wao mpya, ambao unaanza baridi ikiachia. Siku hiyo kila nyumba huenda makaburini. Wanaosha mawe kwa maji na marashi ya waridi, wanaweka juu yake halua na tende na matunda, na kila apitaye lazima ale na aombe dua. Binti aliniongoza katikati ya watu, huku natiliwa tende mikononi, mpaka pembeni chini ya mti wa mwaloni. Pale palikuwa na jiwe jipya lililooshwa, na bibi kizee amelikumbatia.

Alikuwa analia kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyezoea. Neno moja lilikuwa linarudi na kurudi. Nikamuuliza binti anasema nini.

"Anasema, mwanangu."

Nikasikia moto umenipanda. Nimesafiri kutoka Arua, nimepanda milima mpaka pumzi ikaniisha, nafika kwenye kaburi la ndugu yangu namkuta mtu ameshalichukua. Mwanao tangu lini? Nilisema hivyohivyo kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayeelewa, na nikasema na mengine ambayo mama yangu asingefurahi kuyasikia. Bibi kizee aliinua uso. Alinitazama rangi yangu, akatazama jiwe, akaelewa mimi ni nani. Aliokota kijiwe kidogo, akakitia mkononi mwangu, akaushika mkono wangu kwa mkono wake na kuugongesha juu ya kaburi, taratibu, kama mtu anayebisha mlango.

Binti alinieleza kwamba ndivyo wanavyofanya, ili aliyelala ajue kuna mtu amekuja. Nikasema, "Hodi." Hapo ndipo nilipolia.

Baadaye, tukiwa tumekaa wote watatu kando ya jiwe tukila halua, nikasimuliwa. Bibi huyu, ndiye yule bibi yake binti, alikuwa na mtoto wa kiume mmoja. Alikwenda vitani akiwa kijana wa ndevu za kwanza, na hakurudi. Wenzake walirudishwa kwenye majeneza. Wa kwake hakupatikana, hata kiatu. Bibi alimtengea nafasi hapa chini ya mwaloni, na miaka yote hiyo kila Alhamisi alikuja na halua yake bila kuwa na jiwe la kuiwekea, akazunguka makaburi ya watu wengine akigawa. Mlima ulipomuua mgeni, wazee walijiuliza azikwe wapi, maana hana ukoo hapa. Bibi akasema: azikwe kwangu, palepale.

Nilibaki nimeshika kipande cha halua. Nilitaka kuomba radhi. Na bado nilikuwa na kazi niliyotumwa. Nikamwambia binti amwambie bibi yake kwamba mama yangu ni mgonjwa, kwamba ameniambia nimlete mtoto au nilete udongo, na kwamba sitachukua kitu bila ruhusa yake.

Bibi alisikiliza. Akalipapasa lile jiwe. Kisha akafukua pembeni kwa vidole vyake, akauchambua udongo chembe kwa chembe kama mwanamke anayechambua mchele, akautia katika mfuko mdogo wa kitambaa, akaushona mdomo. Aliniuliza swali moja tu: mama yangu ana miaka mingapi. Nilipomwambia, akasema ni wa rika lake.

Nilirudi Dranya nikiwa nimeufunga ule mfuko kiunoni. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani, akaniambia nianze mwanzo. Nikamsimulia yote, simba, chai, milozi, halua, mpaka matusi yangu. Kwenye matusi akanipiga kidogo begani. Nilipofika kwenye ile nafasi ya chini ya mwaloni akanisimamisha.

"Hii pahali ilikuwa ya mtoto yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye natoa kwa mtoto yangu?"

"Ndiyo."

Alikaa vile mpaka chakula kikapoa, na mimi nikamwacha, maana namjua mama yangu.

Kesho yake tulifungua ile nafasi kando ya baba, tukauweka udongo, imamu akasoma dua. Fundi akamwaga saruji, akasawazisha, akauliza jina la kuandika kabla haijakauka. Mama akamtajia la mdogo wangu. Kisha akanigeukia, akaniambia nipige simu Uajemi niulize yule kijana mwingine aliitwa nani, kwa sababu mimi na safari yangu yote hiyo sikuuliza. Nikapiga. Fundi akaandika majina mawili, moja chini ya lingine.

Baba mdogo akauliza tangu lini tunazika Mwajemi Dranya.

"Tangu leo," mama akamwambia. "Mtoto yangu nalala kwa pahali yake. Yeye iko wapi? Hapana pahali. Basi pahali yake iko hapa." Akamwangalia imamu, na imamu, ambaye nilidhani atatoa hotuba, aliinamisha kichwa na kusoma dua upya, safari hii akitaja majina yote mawili.

Nilimtumia binti picha ya kaburi. Jioni ile simu ikalia, tukiwa uani sote, mama amekaa kwenye kiti chake kwa sababu saruji bado ilikuwa mbichi. Nilisikia bibi akizungumza kwa nyuma, haraka haraka, na binti akikawia kutafsiri. Akasema bibi ameitazama picha tangu ilipofika, hataki kurudisha simu. Akasema bibi ana swali moja, tusicheke. Anauliza kama huku kwetu kuna baridi, maana siku aliyoondoka mwanawe kulikuwa na baridi kali, naye hakumwona tena.

Nikamtafsiria mama. Alinyoosha mkono, nikampa simu, ingawa nilijua hawataelewana. Aliisogeza karibu sana na mdomo.

"Mwambie yeye hapa hapana baridi," akasema. "Na siku baridi nakuja, mimi nalala kando yake."