Shemeji Alichukua Lenzi Yangu ya Zamani, Akaniachia Toleo Jipya

Bwana asifiwe, wapendwa wa ukurasa huu. Hamjambo nyumbani? Watoto wazima? Mimi afya ipo, namshukuru Mungu, ila moyo unachemka. Jina langu mlifiche.

Ni mama wa miaka arobaini na nane, elimu yangu darasa la saba, naishi Themi na mume wangu. Napiga picha za harusi na kipaimara. Mchungaji wetu hataki mpiga picha asogelee madhabahu, kwa hiyo riziki yangu yote ni lenzi ya kuvuta, ile inayoleta sura karibu nikiwa nimesimama nyuma.

Yangu ilikuwa toleo la zamani. Nzito kama mchi, na ukiinamisha kamera, lenzi inateleza na kurefuka yenyewe. Lakini ina pete moja tu: unaizungusha kupata fokasi, yaani sura ikae wazi bila ukungu, unaivuta kuleta sura karibu, na fokasi haihami.

Nilipokwenda msibani kwetu mlimani, mdogo wa mume wangu, naye mpiga picha, akaja nyumbani. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Kaka, maduka yamejaa vitu vipya, shemeji bado anabeba chuma! Mpe hii yangu, toleo jipya. Hilo lizee nitalitupa." Wakabadilishana. Hakuna aliyeniuliza!

Sikatai, hiyo mpya ni nyepesi, na picha za juani zinang'aa. Ila ina pete mbili, na ile ya fokasi imekaa pale pale mkono wangu ulipozoea kuvuta. Siku ya kipaimara, watoto wamepiga magoti wanawekewa mikono, mimi nahangaika na pete isiyo yenyewe. Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, ukungu mtupu. Mzazi mmoja akanisukumia yake: "Mama, huyu ni mwanangu au ni moshi?" Siku ile hairudiwi, jamani.

Juzi naalikwa harusi Oldonyo Sambu, namkuta shemeji anapiga picha kwa lenzi yangu! "Si ulisema utaitupa?" Akacheka mbele za watu: "Shem, lenzi haina kosa. Kilichozeeka ni mkono wako."

Mume wangu anasema nisamehe, ndugu wasigombane kwa kipande cha kioo. Kipande cha kioo! Nimefunga, nimesali, hasira haitoki. Wateja wameshahamia kwa shemeji. Amebaki bibi harusi mmoja wa Kikatiti, na ndoa yake ni Jumamosi ijayo.

Nimshitaki kwa wazee wa kanisa, niende kwake nikaichukue kwa mkono wangu, au ninyamaze nijifunze hii mpya? Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni upesi, tafadhali.