Unga Niliomlisha Mbuzi wa Shosho

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyotoka kanisani nimeimba kuliko kwaya yenyewe, na muda mfupi baadaye nikasimama mbele ya mbuzi anayekufa, moyoni nikifurahi. Usinitazame hivyo. Uliniomba ukweli, na ukweli wangu una harufu. Kaa hapo, na hiyo simu iache ipumzike kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilitoka kwetu Butere nikaja Kawangware kukaa na dada yangu Rosa, nimlelee binti yake Keti aliyekuwa na miaka mitatu. Rosa aliuza mboga, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, kimoja kati ya vingi kwenye ploti ile, na kuta zake zilikuwa nyembamba hata nikajua jirani amepika nini na amegombana na nani. Lakini jina langu hakuna aliyelijua. Nyumbani nilikuwa nasalimiwa na nusu ya kijiji kabla sijafika mtoni. Hapa niliitwa "yule msichana wa Mama Keti", utadhani mimi ni kikapu chake cha sukuma.

Nyuma ya ploti yetu palikuwa na shamba dogo la mama mzee wa Kikuyu. Tulimwita Shosho, maana ndivyo Nairobi inavyomwita nyanya wa kila mtu. Ardhi aliachiwa na marehemu mumewe. Majirani zake wote walikuwa wamejenga vyumba vya kupangisha hadi ukingoni mwa barabara, yeye akakataa. Alifuga mbuzi watatu, mmoja tu kati yao wa maziwa, sungura, bata, na punda mzee aliyestaafu kuvuta mkokoteni wa maji. Katikati alizika matairi hadi nusu ili watoto wayarukie, akalaza ubao juu ya gogo, mtoto mmoja akipanda mwenzake anashuka. Watu walimcheka. "Shosho, hapa ungetoa vyumba ishirini," walimwambia. Naye akawajibu, "Na watoto wa hivyo vyumba watacheza wapi? Juu ya kichwa yangu?"

Siku ya kwanza nilipompeleka Keti huko, nilimkuta mbuzi mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Kwa ajili ya mabaka hayo watoto walimwita Chapati. Nilimwita kwa Kiluhya, nilivyozoea kuwaita mbuzi wa baba, naye akaja moja kwa moja akaweka kichwa chake gotini pangu. Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya watoto wa watu bila haya.

Tangu hapo nilikuwa huko kila siku. Shosho akanipa kazi ya kumkama Chapati saa kumi jioni. Maziwa yalitiwa kwenye sufuria ya uji, na sheria ya pale ilikuwa kwamba aliyekama ndiye anayegawa vikombe, akianza na mtoto mdogo kuliko wote. Watoto wakawa wananipigia kelele, "Auntie Nafula! Auntie Nafula!" Mama zao walipokuja kuwachukua walilisikia hilo jina, wakaanza kunisalimu nalo hata sokoni. Mbuzi yule alinipa watu.

Kisha akaja Atieno. Mjomba wake alikuwa seremala kule Kianda, Kibera, akaitwa kutengeneza vizimba vya sungura, na Atieno akaja kumshikia mbao. Kazi ikaisha baada ya siku nne. Mjomba akaenda zake, lakini Atieno akaendelea kuja, tena kwa miguu, kutoka Kianda hadi Kawangware! Alikuwa rika langu. Alijua kucheka, alijua michezo ya kamba nisiyoijua, na hakukosa majani ya kabichi ya kuwapa mbuzi. Haikupita wiki ya pili, nikamwita Chapati, akainua kichwa, akaniangalia, akaenda kwa Atieno.

Shosho aliona, akasema kwa wema wake tu, "Nafula, leo wacha Atieno akame. Wewe pumzika kidogo."

Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka? Nilisimama kando nikamtazama Atieno akigawa vikombe, nikawasikia watoto wakiimba jina lake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi niliona mgeni amekuja na mwenyeji ndiye anayekufa. Nikaanza kumtafutia makosa. Anacheka kwa sauti kubwa. Anakama vibaya. Tena hawa watu wa Kibera, kwani kwao hakuna mbuzi? (Mimi mwenyewe nilikuwa na miezi mitano tu Kawangware, lakini ungenisikia ungedhani babu yangu ndiye aliyeipima ile ardhi.) Nikamwomba Mungu alete mvua, njia ya Kianda isipitike. Mvua ikaja kweli, na Atieno akaja nayo, matope hadi magotini, anacheka. Dua la kuku halimpati mwewe.

Basi nikaanza wizi. Kila mchana nilichota unga wa ugali kwenye mkebe wa Rosa, nikaufunga kwenye pembe ya leso, nikamlambisha Chapati kabla Atieno hajafika. Mbuzi na unga, unajua mwenyewe. Akarudi kwangu mbio. Lakini leso ikiisha na Atieno akitokea, ananiacha palepale. Wivu haujui kutosheka, na Jumapili hiyo asubuhi, kabla ya kanisa, nikaona pembe ya leso ni kidogo. Nikampelekea bakuli zima. Akalimaliza. Nikarudi nyumbani nikajaza la pili, nalo akalimaliza.

Na nilijua. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Sikuwa mtoto wa mjini. Nilimwona kwa macho yangu mbuzi wa baba aliyeingia jikoni akala unga, akanywa maji juu yake, na jua halikutua akiwa hai. Nilijua, nikajiambia huyu ni mkubwa, atastahimili. Kisha nikaenda kuimba.

Niliporudi kutoka kanisani, watoto walikuwa wamesimama duara na hakuna anayecheza. Chapati alilala chini, tumbo limemvimba upande wa kushoto, anasaga meno. Shosho alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Huyu amekula nini?" aliuliza.

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Ni Atieno. Jana alimpea kabichi mob, mingi kabisa."

Atieno akashika kichwa. "Woi! Ni ukweli, Shosho. Nilimpea. Ni mimi nimemuua." Akaanza kulia kwa sauti.

Na mimi moyo ukanichangamka. Nakwambia hivi ili ujue wivu ni mnyama wa namna gani. Chapati niliyedai kumpenda anakufa mbele yangu, na mimi tayari naona kesho yangu: Atieno ameshafukuzwa, mimi nimerudishiwa sufuria. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilijivika mwenyewe. Nikanyamaza.

Siku hiyo maji ya mkokoteni yalikuwa yamechelewa, ndiyo kwanza yamefika, na wanyama hawakuwa wamenyweshwa tangu asubuhi. "Mletee maji," Shosho akasema, "pengine ni kiu." Atieno akakimbia akaja na karai limejaa. Chapati, aliyeshindwa kusimama, akavuta shingo kulifuata. Hapo nikamwona yule mbuzi wa baba. Sikuamua kuwa mwema, usije ukanisifu. Mguu ndio uliotangulia. Nikalipiga karai teke, maji yote yakamwagikia miguu ya Atieno.

"Wewe Nafula! Una wazimu?" Shosho akafoka.

"Asikunywe! Akikunywa atakufa. Amekula unga."

"Unga gani? Nani amempea?"

"Mimi."

"Sababu?"

Niliangalia chini. "Alikuwa anampenda Atieno."

Niliyasema hayo mbele ya watoto wote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeona nyingi.

Shosho hakupoteza muda kunitukana. Alikoroga magadi kwenye maji kidogo, akamnywesha Chapati kwa chupa, polepole. Kisha akatuita, mimi na Atieno. "Si nyinyi wawili mnang'ang'ania huyu mbuzi? Haya, mng'ang'anieni sasa. Mmoja huku, mwingine huku. Asilale."

Tukamwinua, tukamtembeza tukizunguka yale matairi, huku tukimkanda tumbo. Tukazunguka mara ya kwanza, na ya pili. Kisha Atieno akasema, bila kuniangalia, "Si ungeniambia tu? Ningekuachia."

"Halafu wewe uende wapi?" nilimuuliza, kwa ukali wa mtu aliyeshikwa.

Akaendelea kumkanda mbuzi. "Sina pahali. Kwa uncle tunalala watu saba, na siku inaweza kuisha mtu hajaniita jina. Huku angalau hata mbuzi ananijua."

Nilidhani maneno hayo ni yangu peke yangu Nairobi nzima. Kumbe yule niliyemwona mwizi alikuwa amekuja kutafuta kilekile nilichokuja kutafuta mimi. Nilisogeza mkono wangu kwenye tumbo la mbuzi, ukagusana na wake, na hakuna aliyeuondoa wake.

Jioni Chapati akapiga mbweu kubwa, kisha akaanza kucheua. Watoto wakashangilia. Alipona, lakini maziwa yake yalikatika.

Kesho yake nilikwenda kuaga, maana nilijua nimefukuzwa. Shosho akanisukumia sufuria ya uji usio na maziwa. "Utagawa wewe," akasema. "Na mtoto akiuliza maziwa iko wapi, utamjibu wewe. Si mimi, si Atieno."

Nikaanza na mdogo kuliko wote, ndivyo sheria ilivyokuwa, na mdogo kuliko wote alikuwa Keti wangu. Alichungulia kikombe. "Auntie, maziwa?" Nikamwambia, "Nilimfanya Chapati mgonjwa, kwa sababu nilikuwa na wivu." Akanywa, akakunja uso. Kesho yake akaniuliza tena, kana kwamba sikumjibu. Na keshokutwa. Wiki tatu nzima, mwanangu, kila jioni, mtoto niliyeletwa mjini kumlea alinyoosha kikombe chake na kuniuliza maziwa.

Haya, sasa nisikilize, maana nimekuona unavyomtazama mwenzako tangu aanze kusifiwa. Wivu wangu niliulenga kwa Atieno. Haukumpata. Atieno hakupungukiwa na kitu, alikunywa chai yake kwa mjomba. Ulimpata Keti. Wivu hauna shabaha: humkosa unayemchukia, ukampata unayempenda. Ukikukaba, utamke kwa mdomo wako ungali mdogo, tena umwambie yuleyule unayemwonea wivu. Ni aibu, lakini ni aibu ya dakika moja. Na ukimwona mtu anapendwa mahali unapopendwa wewe, muulize kwanza ametembea kutoka wapi kufika hapo.

Mungu akujalie watu, mwanangu. Na akishakujalia, akupe moyo mpana wa kumsogezea nafasi anayekuja nyuma yako, na mikono yako isiwahi kumnyima mtoto kikombe chake. Amina. Nenda kampigie mwenzako.